Akiba Ndani ya Mshono

Futi ya kupimia alikuwa nayo, ya njano, ikining'inia shingoni kama ya mafundi wote, lakini sikuwahi kumwona akimzungushia mteja. Alikuambia usimame mlangoni penye mwanga, ugeuke mara moja, basi. Akarudi kwenye cherehani yake na kuanza kuchora kwa chaki juu ya kitambaa. Ukija kuchukua nguo yako inakukaa. Watu wengine hawakupenda hilo. Walisema jicho linaloweza kukuona kiuno chako ndani ya khanga mbili na sweta la baridi ya Lushoto, haliwezi kuishia kwenye kiuno tu.

Mafundi wa kushona walikuwa wengi kwenye baraza za maduka ya mjini, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema mwanamke yule wa kwenye nyumba ya bati, juu ya barabara, penye miti ya miwati. Mimi nilipanga chumba nyumba ya pili kutoka kwake. Nilikaa, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Tangu nimalize kidato cha nne nimekaa Korogwe, Muheza, Sigi nikipika na kufagia kwenye nyumba ya wageni wa msituni, na sasa Mgwashi, na kote nimeishi kwa nguo zilizovaliwa na wengine, maana kazi yangu kubwa ni mitumba. Kila nguo ninayoishika naigeuza kwanza niione ndani. Hilo nimelipata kwake.

Fundi aliacha vidole vinne vya kitambaa kila upande wa nguo. Mafundi wengine walikata kitambaa kikabakia cha kushika uzi tu, mabaki wakashonea foronya. Yeye alikikunja kwa ndani na kukitia uzi mrefu, wa kufumuliwa. Alikiita akiba. Wateja walilalamika kwamba nguo zake nzito ubavuni, zinawasha, zinamfanya mtu aonekane kama kavaa gunia chini ya gauni. Mwimbaji mmoja wa kwaya alimwambia mbele za watu kwamba yeye hataki kuvaa gauni lenye mimba. Baada ya mwaka na miezi kadhaa mama yule alirudi na mapacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akatoa gauni lile kwenye kikapu na kuliweka mezani. Fundi alifumua, akaachia vidole viwili, akamrudishia.

"Mwili ni mgeni," alikuwa akisema. "Hakuambii anakaa siku ngapi wala atakula nini. Wewe mwachie nafasi."

Jumapili hakushona, lakini alifumua. Nilipomuuliza tofauti yake akasema kufumua si kazi, ni kutubu. Alichukia umbea, na hakuna umbea wa Lushoto uliopita bila kukaa kwenye benchi lake. Mitumba aliiita nguo za marehemu. Ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilipokuja na marobota yakaanza kupanda kutoka Mombo juu ya mabasi, watu waliacha kushonesha, na mmoja wa waliotandika magunia ya mitumba gulioni nilikuwa mimi jirani yake. Hakuninunia. Alikuja siku ya gulio, akachutama mbele ya gunia langu, akawa anageuza magauni moja moja na kusoma mishono kama mtu anayesoma barua zisizo zake.

"Huyu alikonda," alikuwa akisema, akiliweka kando. "Huyu alipata mtoto, akamnyonyesha sana kushoto. Huyu hakuwahi kulivaa, lilimkuta ameshaondoka."

Wanunuzi wangu walitupa nguo na kwenda gunia la pili. Nilimwomba asome kimoyomoyo. Akacheka mpaka akakohoa.

Wakati huo alikuwa mwembamba kama mti wa dirisha. Alikuwa ametokwa na damu miaka, mwezi ukiingia mwezi, akishona huku amekalia khanga iliyokunjwa mara nne. Mwishowe waliompima walimwambia kizazi kimejaa uvimbe, na kizazi chenyewe itabidi kitolewe. Ilibidi ateremke tambarare, kwenye hospitali ya mbali.

Kabla ya kuteremka alishona gauni la kuzikiwa. Kitambaa alikuwa nacho tangu enzi za foleni, kijani cha giza chenye maua meupe madogo kama punje za mchele, kazi ya kiwanda cha nguo cha hapa hapa nchini ambacho baadaye kilifungwa. Alilishona siku mbili, la mikono mirefu, akalitundika msumarini nyuma ya mlango wa chumba chake. Jirani yake wa ukutani, Mama Hadija, ndiye aliyepewa ufunguo. Aliambiwa kwamba asiporudi hai, avikwe lile, asivikwe khanga ya kuokoteza. Mama Hadija alinisimulia kwamba alilishika ubavuni akakuta vidole vinne vimekunjwa ndani. Hata hilo.

Alirudi msimu wa matunda ya plamsi, anatembea polepole, mkono umeshikilia tumbo. Tulishangilia. Alikuwa amemuuliza muuguzi kitu kilichotolewa kilikuwa na uzito gani, na muuguzi, labda kwa kumpumbaza tu, akasema kama kabichi nzuri. Kwa hiyo Fundi alirudi akijihesabia kuwa mwepesi kwa kabichi moja.

Miezi mitatu ilipita ndipo akaanza kuongezeka mwili.

Fundi aliweza kumpima kila mtu kwa jicho isipokuwa yeye mwenyewe. Kwa ajili yake alitumia uzi. Kila Jumapili akitoka kanisani alijizungushia uzi mweupe wa pamba kiunoni, na pale ulipokutana akafunga fundo. Uzi huo ulitundikwa msumari mmoja na lile gauni la kijani. Nilikuwa nikiingia chumbani kwake kumsaidia kutia uzi kwenye sindano, maana macho yake ya karibu yalikuwa yamepungua, nikaviona viwili vile vinaning'inia pamoja nyuma ya mlango, gauni na uzi, na mlango ukifunguliwa gauni linageuka upande kama mtu aliyesikia jina lake. Mafundo yalikuwa yanaongezeka yakielekea nje.

"Ameongeza nusu kidole," alikuwa akiniambia.

Hakusema nimeongeza. Alisema ameongeza. Mara ya kwanza nilidhani anamsema mteja, kumbe ni mwili wake, yule mgeni.

Mwaka wa kwanza aliteremka hospitali mara tatu. Walipima damu, walipima mkojo, wakamgusa shingo, wakamsikiliza moyo. Mmoja alimwambia ni umri. Mwingine akamwambia apunguze mafuta, na yeye mafuta ya kupikia alikuwa ananunua kijiko. Hakuna aliyemdhulumu, wote walimpokea vizuri, lakini hakuna aliyeweza kumwambia kile kinachoongezeka kinatoka wapi. Alirudi kutoka safari ya tatu akakaa kwenye benchi lake, miguu imevimba kwa safari, akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Nguo ukiipunguza kitambaa inakuwa ndogo. Mimi wamenipunguza, nimekuwa mkubwa. Niambie wewe uliyesoma, hiyo ni hesabu gani?"

Nilimwambia labda anakula bila kujua. Nilisema kwa utani, lakini ndivyo mji mzima ulivyokuwa ukisema: kwamba Fundi anakula kwa siri, usiku ana chungu chake. Ulikuwa uchokozi wa kawaida, wa kuchekwa. Ila yeye ulimchoma. Akaamua kuuondoa kwa shahidi.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Fundi, Mlutheri wa kiti cha mbele, alihamia kwa Mama Hadija na godoro lake akafunga mwezi mzima. Alikula daku naye, akafuturu naye, bada, ule ugali wa muhogo, kiasi cha chungwa na mchuzi wa maharage, akalala chumba kimoja naye. Mchana alishona barazani mbele ya macho ya barabara nzima. Waislamu walimsifu, Walutheri walimshangaa, mchungaji alimuuliza kama amebadili dini, akamjibu kwamba hajabadili kitu, ndiyo shida yenyewe, kinachobadilika hakimuulizi.

Siku ya Idi Mama Hadija alisimama kisimani, mahali ambapo neno likitamkwa limefika, akaapa. Yeye Mama Hadija mwenyewe, alisema, amekonda kwa kufunga, sketi yake sasa anaifunga kwa pini. "Wallahi nimekula naye sahani moja siku zote. Hakuongeza hata tonge. Na uzi wake umetoka kidole kizima."

Alifikiri amemsafisha. Mimi pia nilifikiri hivyo, siku mbili tatu.

Tulichosahau ni miaka yenyewe ilivyokuwa. Watu walikuwa wanakonda. Hatukuwa tunautaja ugonjwa, tulisema fulani anaumwa kifua, fulani karogwa Tanga, lakini barabarani ulikuwa unakutana na mtu uliyemjua ameingia ndani ya shati lake kama mtoto aliyevaa la baba yake. Nao, wakiona aibu ya nguo kuwacheza, walikwenda wapi? Kwa Fundi, akawapunguzie. Kabla ya Idi ile, Fundi alikuwa mtu anayekula kwa siri. Baada ya shahidi kuapa kwamba hali kwa siri, swali likawa jingine. Kama hali bada, nyama ile anaipata kwa nani?

Dada yangu, Eliza, alikuwa mmoja wa waliopunguziwa. Alikuwa na gauni lake la kuvaa kwenye harusi za watu, la zambarau, aliloshonewa na Fundi akiwa amejaa. Nilimpeleka mara tatu. Mara ya kwanza alitembea, ya pili nilimshika mkono, ya tatu tulipumzika mara nne kwenye kilima kile kifupi. Kila mara Fundi alimsimamisha mlangoni, akamwangalia, akainamisha uso. Kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani juu ya mkunjo wa zamani. Mara ya tatu nilimwambia kwa ukali akate, kinamchoma mgonjwa mbavuni.

"Atakihitaji," alisema.

"Lini?"

Niligeukia nyuma ya mlango wa chumba nisilie, na kilichokuwa msumarini ni ule uzi. Nikahesabu mafundo ya tangu tulipokuja mara ya kwanza. Dada alikuwa amepungua vidole vitano. Uzi ulikuwa umetoka vidole vitano.

Jumapili iliyofuata gulioni, wanawake walikuwa wamejaa kwenye gunia langu wanabishana habari za Fundi, wakaniuliza mimi jirani, mimi msomi. Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Kinachotoka kwa dada yangu kinaingia kwa Fundi. Nimepima."

Hilo "nimepima" ndilo lililommaliza. Umbea wa kawaida hauna kipimo. Ndani ya wiki moja benchi lake lilikuwa tupu. Watu walipokaribia nyumba ya bati walivuka upande wa pili wa barabara, wanawake wakijifunika khanga mpaka usoni ili jicho lake lisiwapate. Sare za shule zilipelekwa kwingine. Mtu mmoja alirudisha suruali aliyoshonewa miaka minne nyuma, akaitupia barazani. Fundi aliiokota, akaigeuza, akaona mkunjo umelegea, akaushona, akaiweka ukingoni mwa baraza mwenyewe aje aichukue. Ilikaa pale mvua zote za vuli.

Dada alikufa. Fundi alikuja matangani, akasalimia kwa Kishambaa kama inavyotakiwa, na wanawake waliokuwa mkekani hawakusogea. Alikaa nje, juu ya kinu kilicholazwa, manyunyu yanaupiga mwili ule mkubwa, mpaka walipotoka kwenda kuzika. Mimi nilikuwa ndani namvika dada. Tulimvika lile la zambarau. Wakati wa kulivuta ubavuni vidole vyangu vilikuta ule unene, nikaupapasa. Mkunjo juu ya mkunjo juu ya mkunjo. Kitambaa chote kilikuwemo. Alichovaa dada alipokuwa amejaa, chote, hakikupungua hata upana wa uzi, kilikuwa kimelala pale pale mwilini mwake kikimsubiri.

Nilitaka kutoka nje niseme kwamba hakuna kilichochukuliwa. Sikutoka. Ndivyo nilivyo, nikishindwa kusema jambo nafunga mzigo na kuondoka.

Nilikwenda kumuaga Fundi kwa sababu njia ya stendi ilipita mlangoni kwake. Nilimkuta amekalia kitanda, gauni la kijani liko mapajani, analifumua. Siku hiyo haikuwa Jumapili. Alinionyesha mshono: akiba ya vidole vinne imebaki nusu kidole. Alikuwa amelifuatisha gauni lile na mwili wake miaka yote, akiachia kidogo kidogo, na sasa kitambaa kimeisha na yeye hajaisha.

"Nikifa leo halifungi," alisema. "Watanifunika khanga, na waliokuwa wakiogopa kunitazama watanitazama vizuri, waseme ona, amekufa ameshiba watu. Sitaki kingine. Nataka niingie chini na nguo inayonitosha. Wewe hujakaa kitako tangu uzaliwe. Huko unakozunguka, nitafutie kitambaa hiki."

Nilisema nitatafuta. Hayo tu ndiyo niliyosema, nikashika basi.

Nimetafuta kitambaa kile kwa miaka mingi kuliko nilivyotafuta mume. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, maduka yalikuwa yamejaa vitambaa vya nje vinavyong'aa na visivyodumu. Niliulizia Muheza, niliulizia kwa wazee wa Korogwe wenye masanduku. Nilikipata Sigi, dirishani, kwenye nyumba ya kulala wageni ambayo nilikuwa nimefagia chumba chake mara nyingi bila kuangalia juu. Pazia. Upande wa jua umepauka kama majani makavu, lakini ndani ya mikunjo kijani kilikuwa kile kile, na maua ya mchele yanahesabika. Mwenye nyumba alinishangaa nilivyolibadilisha na mapazia mawili mapya.

Nilipanda Lushoto siku ya ukungu, ule unaoingia mpaka ndani ya vyumba. Nyumba ilikuwa ile ile. Mama Hadija, sasa amezeeka, ndiye aliyekuwa anampikia. Fundi alikuwa ameketi kitandani, kwa sababu viti vilikuwa vimeshindwa, na chumba kilionekana kimeshonwa kumzunguka. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha kabla ya habari za safari akaniambia nisimame mlangoni.

Nilisimama. Nilikuwa sijasimama pale tangu nilipomleta dada. Niligeuka mara moja, na nikamsubiri. Kwa kawaida alikuwa akitazama kwa muda wa kupepesa jicho. Safari hii alitazama mpaka nikasikia maji yanachuruzika batini.

"Vipi, Fundi?"

"Vua gauni hilo. Kifungo cha mgongoni kimelegea. Jifunge khanga yangu."

Nilimpa gauni langu, na nikampa pazia. Alilikunjua, akalinusa, akalipitisha kwenye shavu. Hakunishukuru. Alimwita Mama Hadija asogeze cherehani kitandani.

Alishona siku mbili, mimi natia uzi kwenye sindano. Katikati ya kazi nilimwambia. Nilisema ni mimi niliyesema gulioni kwamba nimepima.

"Najua," alisema, mguu unaendelea kukanyaga. "Ulipima vizuri. Vidole vitano na vidole vitano. Mimi pia nilihesabu, nikaogopa. Unadhani kwa nini nilikuwa sikati? Ili chake kibaki kwake."

Nilimuuliza kama siku hizi anajua ni nini.

"Sijui. Nilimuuliza huyu mgeni miaka, hajibu. Nimeacha kumuuliza, namwachia nafasi."

Jioni ya pili tulimvika, mimi huku na Mama Hadija huku. Vipande vya pazia vilikuwa vimeingia ubavuni toka kwapani mpaka chini. Lilifunga. Lilimkaa kama alivyokuwa akiwakalisha watu wote nguo zao, na yeye akapumua pumzi moja ndefu, akajipapasa tumbo kwa viganja viwili, taratibu, kama unavyompapasa mgeni aliyesafiri mbali. Nikashika mshono kuuangalia. Vidole vinne vilikuwa vimekunjwa ndani.

"Fundi," nilisema, "kaburini mtu hanenepi."

"Hata nilipotolewa kizazi sikuambiwa nitanenepa."

Mama Hadija alicheka, mimi sikuweza. Asubuhi nilivaa gauni langu lililokwisha kukazwa kifungo, nikateremka Mombo.

Alizikwa mwaka uliofuata, mimi nikiwa Mgwashi. Mama Hadija alinitumia salamu kwa mtu wa gulio: lilimtosha. Hakuongeza neno, na sikuuliza kama akiba ilikuwa bado imekunjwa.

Gauni langu lilikaa ndani ya begi miezi mingi. Siku nilipolifua nililigeuza, kwa mazoea. Ubavuni mwote, pande mbili, alikuwa ameingiza utepe wa kijani wenye maua meupe, wa lile pazia nililomletea yeye, vidole vinne kila upande, umekunjwa kwa uzi mrefu wa kufumuliwa. Mimi niliyekuwa nimekonda kwa kutembea, niliyesimama mlangoni kwake na kumuuliza vipi asinijibu.

Mwezi uliopita hospitali waliniambia nina uvimbe kwenye kizazi, na kwamba kitatolewa. Nimewaambia nitateremka. Begi nimelifunga, na gauni lile liko juu.